Kutoka Maji Baridi hadi Maji Moto

Matatu za Naivasha huanza kujaza abiria Nyamakima kabla jua halijachomoza. Ukiwahi kiti, saa tatu asubuhi waweza kuwa umeshuka karibu na ziwa, na usiku ukalala kwako Nairobi. Ni kilomita 90 hivi tu. Familia huenda kupanda mashua na kutazama viboko, vijana hukodi baiskeli katika hifadhi ya Hell's Gate, na wenye magoti imara huuzunguka ukingo wa kreta ya Longonot. Wengi husinzia njiani. Nawaonea huruma, kwa sababu kipande cha njia wanachokilalia, pale barabara inapoacha mashamba ya Limuru na kuanza kuteremka Bonde la Ufa, ndicho kilichoufanya mji mkuu wetu uwe pale ulipo.

Anza na majina. Nairobi ni neno la Wamaasai, Enkare Nairobi, maji baridi. Chini ya mteremko kuna mji mdogo ambao Wakikuyu waliuita Mai Mahiu, maji moto. Mbele yake ni Naivasha, jina la Kimaasai lililovunjikia vinywani mwa wageni: Nai'posha, maji yanayochafuka, kwa ajili ya mawimbi yanayoamka ghafla upepo wa alasiri ukivuma. Maji ya aina tatu katika safari ya asubuhi moja. Kati ya yale ya kwanza na ya pili umesimama ukuta wa bonde, na kila aliyefika juu yake ilibidi atafute njia yake ya kushuka.

Wa kwanza kuandikwa ni watu wa misafara. Wafanyabiashara Waswahili wa Pangani na Mombasa, waliokuja bara kutafuta pembe za ndovu, walikuwa na kituo walichokiita Ngongo Bagas, pembeni mwa vilima vya Ngong. Hapo wapagazi walitua mizigo, wakanunua chakula kwa Wakikuyu, maana kuanzia hapo waliingia nchi ya wafugaji ambako nafaka haikupatikana. Mwaka 1883 alipita Joseph Thomson wa Uskoti, na vitabu vya shule vimempa sifa ya mvumbuzi. Alikuwa jasiri, hilo sikatai. Aliupanda hata mlima Longonot. Lakini Thomson alifuatana na msafara wa Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa pembe kutoka Pangani, mtu ambaye tayari aliijua nchi hii na watu wake. Hakuna mlima wala mnara unaoitwa kwa jina la Kimameta. Mwaka huohuo Mjerumani Gustav Fischer alifika karibu na Naivasha, Wamaasai wakamzuia asiendelee. Yeye ana mnara mzima wa mwamba ndani ya Hell's Gate, Fischer's Tower, ambao kila mwendesha baiskeli huupiga picha.

Njia hiyo ya misafara ilipita bonde la Kedong, lile unaloliona upande wa kushoto gari linapoanza kuteremka. Novemba 1895 msafara mkubwa wa Wakikuyu na Waswahili, ukirudi kutoka Eldama Ravine ulikopeleka chakula cha serikali, uligombana na Wamaasai hapo Kedong. Mamia ya wapagazi waliuawa. Mfanyabiashara Mwingereza, Andrew Dick, akaamua kulipiza kisasi kwa bunduki yake, naye akauawa. Uchunguzi wa serikali ulipofanywa, uliona kwamba msafara ndio uliochokoza. Leo wauza mahindi ya kuchoma na kofia za ngozi ya kondoo wamejipanga juu ya mteremko, wasafiri wanapiga picha bonde likiwa nyuma yao, na hakuna hata jiwe moja linalowataja wapagazi wale.

Kisha ikaja reli, na hapa ndipo ukuta ulipozaa mji. Reli ya Uganda ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika kwenye kinamasi cha Enkare Nairobi mwezi Mei 1899. Wahandisi walipiga kambi hapo kwa sababu ilikuwa ardhi tambarare ya mwisho kabla ya kupanda kuelekea ukingo wa bonde. Mbele hapakuwa na nafasi ya kupanga vichwa vya treni, mabehewa, karakana na maelfu ya mahema. Depo ikawa soko, soko likawa mji, na mwaka 1905 makao ya serikali ya kikoloni yakahamishwa kutoka Mombasa. Laiti bonde lingeteremka taratibu, reli ingelipita bila kusimama.

Kushuka kwenyewe ndiko kunakonishangaza zaidi. Njia ya kudumu ya kuzunguka miteremko ingechukua muda mrefu kujengwa, na mafundi waliokuwa mbele walihitaji vyuma. Basi wakatandika reli za muda moja kwa moja kwenye mteremko na kuyashusha mabehewa kwa kamba nene za chuma. Behewa lililojaa liliposhuka, uzito wake ulilivuta jingine juu. Mahali palipokuwa pakali mno, behewa lilipakiwa juu ya jukwaa lenye magurudumu, ambalo upande wake mmoja uliinuliwa ili mzigo ukae sawa huku jukwaa likiteleza kuelekea chini. Kwa njia hiyo walishusha reli, mataruma, chakula na maji ya kambi. Mwaka 1901 njia ya kudumu na madaraja yake ya chuma ilikuwa tayari, na mwisho wa mwaka huo reli iliufikia ukingo wa Ziwa Victoria.

Wafanyakazi takriban 32,000 waliletwa kutoka India kwa ajili ya kazi hiyo yote. Karibu 2,500 walikufa. Simba wala watu wa Tsavo wamepewa filamu na vitabu, lakini maradhi na ajali viliua watu wengi kuliko simba, na watu wale walisahauliwa mapema.

Reli ilipotulia, ardhi ya chini yake ikatamaniwa. Mwaka 1904 Wamaasai walitiishwa kwa mkataba waondoke malisho ya Naivasha waende Laikipia, na walowezi wakaingia. Mashamba yenye ua yaliyo kando ya ziwa yana mizizi yao hapo. Mgeni wa leo anayeuliza kwa nini ufuo wa ziwa kubwa hivi una sehemu chache tu za mwananchi kufikia maji bila kulipa, jibu lake linaanzia mwaka huo.

Barabara ya lami unayoshukia leo, ile ya chini inayopita Mai Mahiu, ni kazi ya watu wengine kabisa. Mwaka 1941 majeshi ya Uingereza, wakiwemo askari Waafrika wa King's African Rifles, yaliwashinda Waitalia nchini Ethiopia na Somalia, na maelfu ya mateka wakaletwa Kenya. Mtu wa ukoo wa kifalme aliyekuwa akiwaongoza, Duke wa Aosta, alifia Nairobi Machi 1942 akiwa mateka, akazikwa Nyeri. Askari wake wa kawaida walipewa sururu na baruti, wakaichonga barabara kwenye ubavu wa ukuta.

Mwaka huohuo wa 1942 walijenga kanisa. Liko kando ya barabara, karibu na mwisho wa mteremko, dogo kiasi kwamba watu wachache wakiingia limejaa. Ni la mawe, lina mnara wake, na ndani lina michoro. Kila nikiingia huwaza jinsi walivyokuwa wakivunja mawe ya barabara mchana kutwa, kisha wakachagua mengine ya kujengea nyumba ya ibada. Barabara waliamriwa kuijenga. Kanisa walilitaka wenyewe, na ukilitazama utaiona tofauti. Malori yanayokwenda Narok na Uganda hupita mita chache kutoka mlangoni, breki zikinuka moto.

Baadaye ilijengwa barabara ya juu, ile ya Kinungi, na magari mengi yakahamia huko. Reli ya kisasa, iliyozinduliwa Oktoba 2019, ilichagua njia nyingine kabisa: kilomita 120 kutoka Nairobi hadi upande wa Suswa, ikipenya ardhini kupitia handaki la Ngong lenye urefu wa kilomita 4.5. Unaingia gizani, ukitoka uko bondeni. Ni safari nzuri, ila inakunyima ule mteremko, na ukishuka Suswa bado unahitaji gari kufika ziwani. Anayetaka siku moja ya starehe apande treni hiyo. Mimi hupanda matatu.

Ukuta wenyewe haujatulia. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024, katika mvua za masika, maji mengi yalikusanyika nyuma ya tuta la reli ya zamani juu ya Mai Mahiu, baada ya tundu la kupitishia maji chini yake kuziba kwa matope na magogo. Tuta likapasuka. Maji yalikikumba kijiji cha Kamuchiri watu wakiwa vitandani, na zaidi ya 40 walikufa. Tuta la reli iliyoleta mji mkuu ndilo lililowashukia watu wasio na deni lolote nalo. Kovu la mafuriko yale lilikata mashamba kama barabara nyingine mpya, ya rangi nyekundu.

Ukitaka kuiona historia hii, mwambie makanga mapema kwamba unashuka kanisani, si mjini. Atakuuliza mara mbili kama una hakika. Funga kamba za viatu, kwani mawe ni mengi, na vuka barabara kwa uangalifu. Geuka utazame ulikotoka: juu, palipo na ukungu, ndipo misafara ilipotafuta njia ya kushuka, na mabehewa yalipoanza kuteremka kwa kamba. Matatu inayofuata ya Naivasha haitachelewa.