Tsunami ya Pangani

Tsunami ya Desemba 26, 2004 tunaijua, iliua watu wasiopungua 10 hapa Tanzania. Bahati yetu ilitukuta maji yamekupwa. Pangani wenzetu hawakupona hivyo! Miaka kama 1,000 iliyopita bahari ilifunika kijiji kizima, nyumba za miti na udongo. Watafiti, wakiwemo wa hapa Mlimani, walikuta mifupa ya watu ndani ya mchanga wa wimbi, wakatangaza mwaka 2020. Wakalitengeneza upya kwenye kompyuta: tetemeko kubwa la Sumatra linatosha kulifikisha huku, wala haihitajiki volkano kama Krakatau ya 1883. Sasa pita Kunduchi au Kigamboni uone kuta zilivyosogelea maji. Mliokulia huko, 2004 bahari ilifika wapi?