Nani Azibe Ufa?

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii tumeisikia tangu utotoni, lakini kuna jambo haisemi: nyumba ikiwa ya kupanga, nani azibe?

Kule Uvira nilipanga vyumba viwili kwa miaka minne. Kabla ya kupewa ufunguo nililipa garanti ya miezi sita. Siku ya kuhama nikamfuata mwenye nyumba anirudishie pesa yangu. Akaanza kuhesabu kwa vidole: mabati yametoboka kwa kutu, choo kimejaa, kitasa kimevunjika.

"Mama, nyumba uliikuta nzima," akaniambia.

"Baba, mabati yalivuja tangu mvua ya kwanza. Si nilikuja kukuambia?"

"Imeandikwa wapi?"

Haikuandikwa popote. Sikurudishiwa hata franga moja.

Kwa muda mrefu niliona huo ni ubabe wa mtu mmoja tu. Nilipoanza kusoma habari za sheria zetu, nikakuta kwamba ugomvi wetu una zaidi ya miaka 200, na majibu yake yaliandikwa mbali sana na Ziwa Tanganyika.

Mwaka 1804, wakati wa Napoleon, Wafaransa walitoa kitabu cha sheria za kiraia. Ndani yake walieleza kazi za mwenye nyumba na za mpangaji. Mwenye nyumba akabidhi nyumba ikiwa katika hali nzuri, na matengenezo yote yawe juu yake, isipokuwa yale madogo ya mpangaji. Haya madogo wakayataja moja moja: meko, plasta ya chini ya ukuta hadi kimo cha mita moja, vigae vichache vilivyovunjika, vioo vya madirisha, milango, bawaba, vitasa. Lakini kioo kikivunjwa na mvua ya mawe, mpangaji halipi. Na hata hayo madogo hayamhusu kama yametokana na uchakavu au nguvu isiyozuilika. Kusafisha kisima na kutapisha choo ni kazi ya mwenye nyumba, labda wawe wamepatana vingine.

Hebu tuangalie vizuri hapo. Sheria haikuuliza tu kitu kinagharimu pesa ngapi. Iliuliza pia kimeharibiwa na nini: mkono wa anayekaa ndani, au umri wa nyumba na mbingu?

Sheria hiyo ilifikaje kwetu? Ubelgiji ilikuwa chini ya Ufaransa kitabu kile kilipotoka, na ilipojitegemea mwaka 1830 ikabaki nacho. Tarehe 30 Julai 1888, katika Kongo ya mfalme Leopold II, ikatolewa dekreti ya mikataba iliyofuata mfano huo huo. Burundi nayo iliingizwa katika sheria hizo ilipotawaliwa na Wabelgiji. Uhuru ukaja, bendera zikabadilika, lakini misingi ile ya kupangisha ikabaki. Ikabaki pia kwa Kifaransa, kwenye makabati ya mahakama. Kwenye parsela zetu nani aliisoma? Kongo ilipata sheria mpya ya upangaji tarehe 31 Desemba 2015, iliyosema garanti ya nyumba ya kuishi isizidi miezi mitatu. Hiyo nayo wengi wetu tumeisikia tukiwa tayari ukimbizini.

Basi nikarudia hesabu ya yule baba. Kitasa nilikivunja mimi, ufunguo ulipopotea. Hicho kweli kilikuwa deni langu. Kutu ya mabati haikuwa yangu. Choo hakikuwa changu.

Lakini kitabu cha 1804 kina kipengele kingine, na hicho ndicho kilichoniuma. Kama hakuna karatasi inayoeleza hali ya nyumba siku ya kuingia, mpangaji anahesabiwa kuwa aliipokea nzima, mpaka athibitishe vingine. Kwa hiyo lile swali la "imeandikwa wapi" halikuwa ujanja wa mwenye nyumba wangu peke yake. Sheria yenyewe inauliza hivyo.

Hapa Nyarugusu hatulipi kodi ya nyumba wala garanti. Ardhi ni ya serikali, turubai limetoka kwa shirika, tofali tumezifyatua wenyewe. Mvua zikianza na paa likavuja, kila mmoja anamtazama mwenzake. Mkimbizi anasema shirika lije, mfanyakazi wa shirika anauliza, "Mmelitunzaje hili turubai?" Wote wawili wanaweza kuwa na haki, kwa sababu siku ya kukabidhiana hakuna aliyeandika kitu.

Ombi langu kwa pande zote mbili ni dogo. Siku ya kukabidhi nyumba au turubai, iandikwe karatasi moja, kwa Kiswahili au Kirundi: paa likoje, ukuta ukoje, mlango ukoje, tarehe gani. Nakala mbili, kila upande ubaki na yake. Kitu kikiharibika tuulize kwanza kimeharibiwa na nini. Kilichovunjwa na mkono wangu nitakitengeneza bila kununa. Kilicholiwa na jua kwa miaka, nisiulizwe kana kwamba jua ni mtoto wangu.