Komba wa Mbinga: Jina Lililovuka Makabila

Jina Komba si geni katika wilaya za Mbinga na Nyasa. Utalikuta milimani kwenye kahawa na ufukweni kwenye dagaa, kwa Mkatoliki na kwa Mwanglikana, kwa anayejiita Mmatengo, Mngoni, Mmanda au Mnyasa. Alikuwa nalo James Joseph Komba, askofu wa Songea tangu 1969 na askofu mkuu tangu jimbo hilo lilipopandishwa hadhi 1987. Alikuwa nalo pia Kapteni John Komba, mwimbaji na kiongozi wa kundi la TOT, mzaliwa wa Lituhi kando ya Ziwa Nyasa, aliyekuwa mbunge wa Mbinga Magharibi hadi alipofariki Februari 2015. Nje ya mkoa huo wa Ruvuma, Mtanzania akilisikia jina hili humwambia mwenyewe, "Kumbe wewe Mngoni," na hapo swali la asili linakuwa limefungwa. Nadhani linafungwa mapema mno. Ukilifuatilia jina hili kwa makini, linaonyesha jinsi watu wa kusini walivyomezana na kuchanganyika katika karne ya 19, na ushahidi uliopo unaelekea kusema kwamba ni jina la waliovamiwa, halikuja na wavamizi Wangoni.

Komba mwenyewe, yule mnyama, anajulikana. Ni mdogo, ana macho makubwa ya duara na mkia mrefu wenye manyoya, analala mchana na kuruka matawini usiku. Hulia kama mtoto mchanga, na hulowesha nyayo zake kwa mkojo wake mwenyewe kabla ya kuruka. Waswahili wa pwani wanamjua zaidi kwa kupenda tembo la mnazi, ndiyo maana mlevi akafananishwa naye. Katika nchi ambayo jina lake lenyewe, Umatengo, huelezwa kuwa limetokana na misitu, si ajabu mnyama wa msituni akatoa jina la ukoo. Tena Komba hayuko peke yake: Ruvuma ina Mapunda, Mbawala, Nungu, Nyoni, Soko na Tembo. Maelezo yanayotolewa haraka ni kwamba kila ukoo ulikuwa na mnyama wake wa mwiko, asiyeuawa wala kuliwa. Maelezo hayo siyapuuzi, lakini yana mtihani wake. Palipo na familia ya akina Komba inayokumbuka mwiko huo na kuushika, hapo pana ushahidi. Pasipo na kumbukumbu hiyo, mwiko umebuniwa kutokana na jina, kisha umegeuzwa kuwa sababu ya jina.

Hoja ya Ungoni inahitaji kupimwa kwa uzito zaidi, kwa kuwa ina historia nzito nyuma yake. Wangoni walivuka mto Zambezi Novemba 1835 wakiongozwa na Zwangendaba, siku inayokumbukwa kwa kupatwa kwa jua, na kiongozi huyo alifia Ufipa mwishoni mwa miaka ya 1840. Baada yake msafara uligawanyika. Kundi la Maseko chini ya Mputa lilishaingia nchi ya Songea kwa njia yake, na akina Zulu Gama na Mbonani wakaja baadaye, wakapambana na Wamaseko na kuwafukuza mwanzoni mwa miaka ya 1860. Njiani kote msafara ulibeba watu, na majina ya watu hao yalibaki kama alama za njia. Gama, Jere, Maseko na Nkosi ni majina ya chimbuko la kusini kabisa mwa Afrika. Moyo na Soko yanajulikana sana kama mitupo, yaani majina ya koo, ya Washona, watu wa Zimbabwe ya leo, na yanasikika pia kwa Wangoni wa Malawi na Zambia waliotokana na safari ileile. Kwa hiyo si kweli kwamba majina yote ya wanyama ya Ruvuma ni ya hapohapo, Soko lilitembea. Je, Komba nalo lilitembea? Katika majina yanayoitambulisha safari hiyo halimo: halimo miongoni mwa koo za kifalme za kusini, halimo katika mitupo mikuu ya Washona. Linajaa pale safari ilipoishia, yaani Songea, Mbinga na ufukwe wa ziwa. Jina linalokosekana njiani na kujaa mwisho wa njia lina kila dalili ya kukutwa hapo.

Lugha nayo inaunga mkono jambo hili kwa nguvu. Wangoni walifika wakiwa na lugha ya jamii ya Kizulu na Kiswazi, lakini Kingoni kinachozungumzwa Songea leo kimekaa pamoja na majirani zake. Wanaisimu wanaofuata mpangilio wa Guthrie wa lugha za Kibantu wanakiweka N12, pembeni ya Kimanda N11, Kimatengo N13 na Kimpoto N14. Wavamizi walishinda vita na kupoteza lugha. Hilo haliwezekani isipokuwa waliotekwa na kuoza mabinti walikuwa wengi kuliko watekaji, na mama zao ndio waliowafundisha watoto kuzungumza. Ikiwa lugha ya walioshindwa ilipanda hadi ndani ya nyumba za washindi, hakuna sababu ya kushangaa majina ya koo zao yakipanda pia. "Komba ni Mngoni" basi inaweza kuwa kweli kwa mtu fulani leo bila kuwa kweli kwa babu yake wa mwaka 1850.

Kuna pingamizi lenye maana hapa. Inajulikana kwamba mateka waliingizwa katika nyumba za mabwana wao, na wapo waliochukua majina ya nyumba hizo ili wapate kinga. Huenda basi Komba ni jina la bwana fulani lililoenea kwa njia hiyo? Ninaona pingamizi hili linajikwaa mahali pamoja. Anayetafuta kinga huchukua jina lenye nguvu. Wakati Wajerumani walipowanyonga viongozi wa Wangoni mjini Songea Februari 27, 1906, baada ya Vita vya Majimaji, miongoni mwa nyumba zilizoshika utawala ilikuwamo ya Gama, na Mputa Gama, si yule Mputa wa Wamaseko, alikuwa miongoni mwa walionyongwa. Komba halikuwa jina la kiti. Kulichukua kusingemwongezea mateka chochote. Maelezo mepesi zaidi ni kwamba watu walibaki nalo kwa sababu lilikuwa lao tangu awali, wengine wakiwa chini ya Wangoni bondeni, wengine wakikimbilia milimani. Huko milimani kuongezeka kwa watu juu ya miteremko mikali huhusishwa na kushamiri kwa kilimo cha ngolo, ambapo nyasi zilizofyekwa hupangwa kwa miraba na kufukiwa, mashimo yakabaki katikati kushika maji ya mvua. 

Je, akina Komba wote ni ndugu, basi? Hapa nasita. Jina la mnyama anayejulikana na wote linaweza kuzuka mara nyingi, katika vijiji visivyojuana. Hata sauti moja haithibitishi udugu. Kwa Wakono wa Sierra Leone, Komba ni jina la kupewa, nalo ni la mtoto wa kiume wa nne: wa kwanza Sahr, wa pili Tamba, wa tatu Aiah, wa nne Komba. Kwa Wafula wa Senegal na Gambia kuna Kumba, binti wa pili. Majina haya ni mazuri na yana mpangilio wake, ila hayahusiani na milima ya Litembo huko Umatengo. Kijana wa Mbinga anayelitafuta jina lake mtandaoni na kuambiwa kwamba maana yake ni "mtoto wa nne" anavikwa historia ya watu wengine, na inasikitisha, maana ya kwake anayo.

Kilicholigandisha jina katika umbo tunalolijua ni daftari la ubatizo la misheni. Wamisionari Wabenediktini walifungua misheni za Peramiho 1898 na Kigonsera 1899, kisha wakapanda Litembo 1914. Ufukweni, misheni ya Kianglikana iliyokuwa na makao kisiwani Likoma ilifika kwa mashua na meli. Shemasi mkuu wake, William Percival Johnson, aliyezunguka ziwa hilo kwa zaidi ya miaka arobaini, alifia Liuli 1928. Ukurasa wa daftari la ubatizo una safu zake: jina la mtakatifu, baba, mama, msimamizi, mahali, tarehe. Jina la mtakatifu likachukua nafasi ya jina alilopewa mtoto nyumbani, na ukoo ukawekwa mwisho, ukarithishwa kutoka kwa baba hadi mjukuu. Sehemu nyingi za Tanzania jina la mwisho ni la babu tu, nalo hubadilika kila kizazi. Mbinga linabaki lilelile. Matokeo yake yanaonekana hata katika mazungumzo. Shuleni, jeshini na ofisini mtu huitwa Komba tu, na marafiki wengi hawajui kwamba alibatizwa Gallus au Gaudensi. Jina la ukoo limerudi kufanya kazi ya jina la kupewa.

Wapo watakaosema kwamba kuchambua hivi kunavunja umoja, kwamba ni heri kila Komba amwite mwenzake ndugu. Utani na ukarimu huo ni mali, nami nisingependa kuuona ukipungua. Lakini kwenye ndoa na mirathi jina tupu halijawahi kutosha. Katika sengu ya Wamatengo, pale wanaume wa familia walipokula pamoja na kusuluhisha mambo, vijana walikuwa wakijifunza wao ni watoto wa nani na wa mlima upi, na elimu hiyo ilikuwa ndani zaidi kuliko neno Komba. Sengu zimefifia, madaftari yapo. Jimbo la Mbinga, lililoundwa 1986, jimbo kuu la Songea na parokia za Kianglikana za ufukweni zingeweza kuruhusu kurasa za zamani zisomwe sambamba, kijiji kwa kijiji, pamoja na wazee wanaokumbuka babu zao walitoka kilima gani kabla ya 1914. Hapo ndipo itajulikana ni koo ngapi zilizofichika ndani ya jina moja, na Lituhi inakutana wapi na Litembo.