Hewa Nyepesi ya Ziwani: Tarikhi ya Ndege za Vita na Ajali Zake

Kombewa ni mji mdogo wa Seme, magharibi ya Kisumu, usio mbali na ufuo wa Ghuba ya Winam, ambayo ramani za Waingereza ziliiita Ghuba ya Kavirondo. Wenyeji wa huko, waliozoea kuyapima masafa kwa mwendo wa mtumbwi wa tanga au kwa saa za kungojea gari, aghalabu hawafikiri kwamba kwa ndege ya kivita iendayo kilomita 900 kwa saa, Entebbe iko robo saa tu upande wa machweo, na Musoma, ng'ambo ya mpaka wa Tanzania, haifiki hata robo saa upande wa kusini. Nchi hii ya ziwa, tunayoiona pana tunapoivuka kwa makasia, mbele ya rubani wa ndege za namna hiyo ni kiwanja kidogo sana, na makosa yaliyotendeka humo yalitendeka kwa muda usiotosha mtu kunywa kikombe cha chai.

Wazee hunena kwamba ajali haina kinga, na katika matanga neno hilo lina rehema yake, kwa kuwa humwondolea mfiwa mzigo wa kutafuta wa kumlaumu. Lakini mwenye kuandika tarikhi hana ruhusa ya kukomea hapo. Maana ukizifuatilia ndege za kijeshi zilizoanguka katika pande hizi tangu mwanzo wake, utakuta kwamba kila moja ilikuwa na sababu yake, na kwamba sababu hiyo, mara nyingi, ilikuwako na kujulikana kabla rubani hajapanda kitini.

Mwanzo wake ni mwaka 1920. Vita Vikuu vya kwanza vilikuwa vimekwisha, na serikali ya Uingereza, ikiwa na ndege nyingi zilizokosa kazi na marubani wengi waliokosa adui, iliagiza viwanja vifyekwe kutoka Kairo mpaka Rasi ya Tumaini Jema, na Kisumu ikawa kimojawapo cha vituo vya njia hiyo. Ndege zilizotangulia kuijaribu njia zilikuwa za jamii ya Vickers Vimy, ambayo asili yake ni ndege ya kudondoshea mabomu Ujerumani. Moja, iliyotumwa na gazeti la The Times la London, ikiongozwa na Cockerell na Broome na kumchukua mtaalamu wa wanyama Peter Chalmers Mitchell, ilikuja ikiuguza injini zake njia nzima ya Sudan, na tarehe 27 Februari ilianguka Tabora ilipokuwa ikijaribu kuinuka. Nyingine ilikuwa ya maofisa wawili wa Afrika Kusini, van Ryneveld na Brand, ambao walikuwa wamekwisha kuivunja Vimy yao ya kwanza huko Korosko, wakapewa ya pili, wakalipita ziwa salama, na tarehe 6 Machi wakaivunja hiyo nayo Bulawayo. Hata walipofika Cape Town walikuwa ndani ya ndege ya tatu.

Magazeti ya zama zile yaliwasifu kwa ushujaa, na wallahi walistahili, ila ushujaa hauinui ndege. Maji ya ziwa hili yako zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na Tabora na Bulawayo ziko juu zaidi; na katika adhuhuri ya joto, hewa ya Kisumu hupungua uzito wake kwa kadiri ya sudusi ikilinganishwa na ile ya pwani ya Uingereza, mahali ambapo ndege hizo zilisanifiwa. Hewa ikiwa nyepesi, bawa hukosa cha kulalia, panga la mbele hukosa cha kukamata, na injini yenyewe hukosa pumzi. Basi rubani hukimbia uwanja wote mpaka mwisho, ilhali uzito alioupakia ni uleule ambao kwao ungalibebeka bila taabu. Dawa yake ilikuwa mambo matatu: kuruka alfajiri kabla ya jua kupamba, kupunguza shehena, na kurefusha uwanja. Hayo hayakuwa siri hata wakati ule, lakini yalidharauliwa kwa haraka ya mashindano. Miaka sita baadaye kikosi cha Jeshi la Anga la Uingereza chini ya Pulford, chenye ndege nne za Fairey IIID, kiliondoka Kairo tarehe 1 Machi 1926, kikapita Kisumu, kikafika Cape Town na kurudi, wala hakikupoteza ndege hata moja. Kimo kilikuwa kilekile na jua lilelile.

Zama za ndege za kutua majini, za Imperial Airways zilizoanza kuja Kisumu mwaka 1931, na za Catalina za kijeshi wakati wa vita vya pili, nazipita upesi, kwa kuwa zina kitabu chao.

Jambo linalostahili kukaliwa ni la mwaka 1978. Majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalipovuka mpaka wa Tanzania na kuitwaa nchi ya kaskazini ya mto Kagera, ndege zake za MiG zilitumwa kulivunja daraja la Kyaka, nazo zikashindwa kulipiga, hata ikabidi tarehe 3 Novemba livunjwe kwa baruti iliyotegwa kwa mikono, kwa msaada wa mjuzi kutoka migodi ya Kilembe. Upande wa Tanzania mizinga ya kutungulia ndege ilipangwa mbio mbio katika miji ya ziwani, na wapigaji wake, wengi wao wakiwa hawajapata kuona vita, walikaa usiku na mchana wakitazama juu. Ndipo ndege tatu za kivita zilipotokea juu ya Musoma. Wapigaji wakafyatua, nazo zikaanguka zote tatu. Na zilikuwa ndege za Tanzania yenyewe.

Ni rahisi kuwacheka au kuwalaani askari wale, lakini yafaa kwanza kuwatendea insafu. Uganda ilikuwa na MiG-17 na MiG-21 zilizotoka Urusi. Tanzania ilikuwa na ndege zilizotoka China, na ndege hizo za Kichina zilikuwa nakala za jamii hiyohiyo ya MiG, bawa kwa bawa na mkia kwa mkia. Mtu aliye chini, jua machoni, akiona kitu kinachokwenda kasi namna ile, hana zaidi ya nukta chache za kuamua. Na alama iliyopakwa ubavuni haisomeki. Mataifa makubwa yalikuwa yamekwisha kuipatia jawabu shida hii tangu vita vya pili, kwa chombo kinachoulizwa kwa mawimbi ya redio na kujibu kwamba huyu ni mwenzetu. Na pasipo chombo, hubaki taratibu za kale, yaani kikosi cha ardhini kupewa habari mapema kwamba ndege zetu zitapita saa fulani, kutoka upande fulani. Kwa hiyo mimi siiweki taksiri ya Musoma juu ya kidole kilichofyatua mzinga. Naiweka juu ya habari ambayo haikumfikia mwenye kidole.

Vita hivyo vilikuwa na dhihaka zake pia. Mwezi wa Machi 1979 ndege ya Libya aina ya Tu-22, ikija kumsaidia Amin kwa kuupiga mji wa Mwanza, iliukosa mji mzima, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane, ambako waliouawa ni wanyama wa hifadhi.

Huku Kenya, jeshi la anga lilikuwa limejipatia ndege za F-5 kutoka Marekani tangu mwaka 1978, na makao yake ni Laikipia, karibu na Nanyuki, katika kimo kinachokaribia mita 1,900, mahali ambapo ile hesabu ya hewa nyepesi ni kali kuliko ya Kisumu. Tarehe 1 Agosti 1982 waasi wa jeshi hilo waliwalazimisha marubani kwa mtutu wa bunduki kupanda nazo kwenda kuupiga mji mkuu, nao wakaenda kuyatupa mabomu katika misitu ya Mlima Kenya. Na mlima huo, pamoja na milima mingine ya kaskazini, umekula ndege za kijeshi kwa njia nyingine pia. Tarehe 10 Aprili 2006 ndege ya Y-12 ya jeshi ilijigonga mlimani Marsabit katika hali mbaya ya hewa, wakafa watu 14, wakiwamo wabunge. Agosti 2012 helikopta nne za Uganda zilizokuwa safarini kwenda Somalia zilikutana na mawingu ya Mlima Kenya. Ile ya uchukuzi ikafika Garissa, na zile tatu za vita, Mi-24, zikaanguka.

Nchi ya ziwa ilitoa rubani wake mashuhuri kutoka kijiji cha Mor, pande za Ng'iya, Alego, mwendo mfupi kutoka Kombewa. Francis Omondi Ogolla aliingia jeshini Aprili 1984, wakati jeshi la anga lililovunjwa baada ya uasi lilikuwa bado linaitwa 82 Air Force, na bila shaka haikuwa kazi nyepesi kwa kijana wa Kijaluo kuomba nafasi katika jeshi lile kwa miaka ile. Alifunzwa urubani wa ndege za kivita na Jeshi la Anga la Marekani, akawa mwalimu wa marubani, na miongoni mwa elimu alizosomea ilikuwamo ile ya kuchunguza ajali. Alipanda hata akawa mkuu wa jeshi la anga, kisha, Aprili 2023, Mkuu wa Majeshi yote ya Kenya. Tarehe 18 Aprili 2024, baada ya kuwazuru askari katika Bonde la Ufa la kaskazini, helikopta yake aina ya Huey iliondoka katika shule ya Cheptulel, Pokot Magharibi, na kitambo kidogo tu baadaye ikaanguka Sindar, katika Elgeyo Marakwet. Walikufa yeye na wanajeshi tisa, wakanusurika wawili. Alizikwa Mor siku tatu baadaye, bila jeneza, kama alivyokuwa ameusia.

Uchunguzi ulichukua karibu mwaka mzima, na katika mwaka huo, kuanzia Alego mpaka Seme, kila baraza lilikuwa na maelezo yake, mengi yakiwa ya njama na ya hila. Taarifa iliyofikishwa Bungeni mwaka 2025 ilisema kwamba injini ilipoteza nguvu ghafula. Hilo ni jawabu la swali la kwanza tu, kwa kuwa injini nayo huwa na sababu ya kupoteza nguvu, ama katika umri wake, ama katika vipuri vyake, ama katika mikono iliyoitengeneza. Na kwa maswali hayo ya pili na ya tatu, desturi ya majeshi karibu yote ya ulimwengu ni kuyajibu kwa faragha, hivyo mabaraza yakabaki na nafasi ya kutosha kuendelea na maelezo yao.