Steringi Anapokufa: Majambazi wa Hollywood na Sheria Iliyowaua

Kwenye vibanda vya video kuna kanuni ambayo hata mtoto wa darasa la pili anaijua: steringi hafi. Atapigwa, atafungwa kamba, atatupwa mtoni, lakini mwishoni lazima ainuke ammalize adui. Sasa mchukue mtazamaji huyo, umwonyeshe filamu ya Marekani ya mwaka 1931 iitwayo The Public Enemy. Atachanganyikiwa. Steringi ndiye adui mwenyewe. Anauza pombe ya magendo, anaua, anamsukumia mwanamke kipande cha balungi usoni wakati wa kifungua kinywa, na mwishoni anakufa vibaya. Na bado, balaa lenyewe ndilo hilo, unamsikitikia.

Filamu za majambazi za namna hii zilizaliwa na marufuku. Januari 1920 Marekani ilianza kutekeleza marekebisho ya 18 ya katiba yake, yaliyokataza kutengeneza, kusafirisha na kuuza pombe. Kiu haikukatazika. Kilichofuata anakijua yeyote aliyewahi kuishi mtaa wa gongo au chang'aa: mnywaji alibaki mnywaji, muuzaji akawa mhalifu, na askari akajifunza kupokea. Mjini Chicago, Al Capone alijijengea himaya juu ya mapipa ya bia. Tarehe 14 Februari 1929 watu saba walipangwa ukutani ndani ya gereji mjini humo wakamiminiwa risasi, na picha za maiti zikajaa magazetini. Oktoba mwaka huohuo soko la hisa la New York likaporomoka, mamilioni wakakosa kazi. Katika nchi ya namna hiyo, mtu mwenye suti safi na gari, asiyemwomba yeyote ajira, alitisha na kutamanisha kwa pamoja.

Picha za majambazi zilikuwapo kabla ya hapo. Ben Hecht, aliyekuwa mwandishi wa habari Chicago, alipata Oscar katika sherehe ya kwanza kabisa ya tuzo hizo, mwaka 1929, kwa hadithi ya Underworld. Ila Underworld ilikuwa filamu bubu. Jambazi alihitaji sauti: breki za gari kwenye kona, bunduki ya rashasha, na zaidi ya yote Kiingereza cha mtaani kinachotoka upande mmoja wa mdomo.

Sauti ilipopatikana, filamu tatu zikafuatana. Little Caesar ilitoka Januari 1931, Edward G. Robinson akiwa Rico. The Public Enemy ikaja Aprili, James Cagney akiwa Tom Powers. Scarface, ya Howard Hawks, ikatoka 1932 na Paul Muni. Tazama majina hayo. Robinson alizaliwa Romania akiitwa Emanuel Goldenberg. Muni alizaliwa Lviv, mji ulio Ukraine ya leo, akakulia jukwaani katika tamthilia za Kiyidi. Cagney alikuwa mtoto wa mitaa maskini ya New York aliyeanza kazi kwa kucheza dansi, na mwendo wake mbele ya kamera hadi mwisho ulikuwa wa mtu anayesubiri ngoma ianze. Wahusika wao nao walikuwa watoto wa wahamiaji, Waitaliano na Waairishi, watu waliokuta milango mingi imefungwa wakaamua kuingilia dirishani.

Cagney, kwa kweli, hakupangiwa kuwa steringi. Edward Woods ndiye aliyepewa nafasi ya Tom, naye Cagney akawa rafiki yake. Baada ya siku chache za kupiga picha, mwongozaji William Wellman aliona kosa akawabadilisha. Sidhani kama kuna uamuzi mwingine wa mwaka ule uliozaa zaidi.

Mwisho wa Tom unastahili kuelezwa. Yuko hospitali, majeraha mwili mzima, amepatana na kaka yake, na mama anafurahi kwamba mwanawe anarudi nyumbani. Mama yuko ghorofani anamtandikia kitanda. Gramafoni inaimba. Mlango unagongwa, kaka anafungua, na Tom yuko pale, amefungwa bandeji na kamba kama mzigo, kafa. Anaanguka kifudifudi ndani ya nyumba. Gramafoni inaendelea.

Za mwizi arobaini, walisema wahenga. Hollywood iliigeuza methali hiyo kuwa kanuni ya kazi, na si kwa hiari. Mwaka 1915 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba filamu ni biashara tu, haina ulinzi unaopewa uhuru wa kusema. Kwa hiyo majimbo na miji ilikuwa na bodi zake za ukaguzi, kila moja na mkasi wake. Scarface ilikatwakatwa, ikaongezewa jina la pili la kuilaani aibu ya taifa, ikatiwa tukio la mwenye gazeti akiwasuta wananchi. Kisha ikatengenezewa mwisho mwingine kabisa ambamo jambazi anahukumiwa na kunyongwa. Muni hakuwapo siku ya kuupiga, kwa hiyo mtu ananyongwa bila uso wake kuonekana. Wakaguzi wa New York hawakuridhika hata na hapo.

Kanuni za maadili za Hollywood ziliandikwa 1930, lakini zilipata meno Julai 1934, ofisi ya Joseph Breen ilipoanza kutoa vibali. Studio iliyotoa filamu bila kibali ilitozwa dola 25,000. Uhalifu usivutie huruma ya mtazamaji, na mhalifu aadhibiwe. Mwezi huohuo, tarehe 22, jambazi wa kweli John Dillinger alitoka jumba la sinema la Biograph, Chicago, akapigwa risasi na maofisa wa serikali. Alikuwa ametoka kutazama Manhattan Melodrama, ambamo Clark Gable ni jambazi anayekubali kufa kwenye kiti cha umeme kuliko kumharibia jina rafiki yake gavana.

Hapo ndipo wakaguzi walipokosea hesabu. Walidhani kifo kitafuta huruma. Nani anamchukia mtu anayeangukia mlangoni kwa mama yake? Kadiri kanuni ilivyodai jambazi afe, ndivyo waandishi walivyotafuta kifo chenye uzito zaidi. Mwaka 1939, katika The Roaring Twenties, Cagney ni askari aliyerudi vitani akakuta kazi yake imechukuliwa, akaishia kwenye pombe ya magendo. Anafia kwenye ngazi za kanisa, katika theluji.

Lakini kilele ni Angels with Dirty Faces ya Michael Curtiz, 1938. Watoto wawili wanavunja behewa la reli, polisi wanatokea. Jerry ana mbio, anaponyoka. Rocky anakamatwa. Jerry anakuwa padri, Rocky (Cagney tena) anakuwa jambazi, na vijana wa mtaani wanamwabudu Rocky. Anapohukumiwa kifo, padri anamwendea na ombi la ajabu: ufe kwa woga, ulie, ili vijana wakudharau. Rocky anakataa. Ujasiri ndicho kitu pekee alichobaki nacho. Anatembea kuelekea kiti cha umeme bila kutetereka, halafu ghafla tunasikia kilio. Tunaona kivuli ukutani na mikono iliyong'ang'ania bomba.

Aliigiza, au aliogopa kweli? Ofisi ya Breen ilipata ilichotaka, jambazi kafa, tena kwa aibu. Lakini kama ile ilikuwa maigizo, basi mwuaji ndiye aliyetoa sadaka kubwa kuliko wote, na mtumishi wa Mungu ndiye aliyeomba uongo. Katika kumbukumbu za maisha yake, Cagney aliandika kwamba aliicheza vile makusudi ili mtazamaji aamue mwenyewe.

Novemba 1968 kanuni zile zilifutwa, nafasi yake ikachukuliwa na madaraja ya umri. Mwaka 1972, katika The Godfather, Michael Corleone aliamuru watu wauawe, akamdanganya mkewe, na mlango ukafungwa yeye akiwa hai. Steringi hakufa.

Kabla ya kumtazama Michael, mtafute kwanza Rocky. Ni filamu ya dakika 97, nyeusi na nyeupe. Zile dakika kumi za mwisho, usiongee na mtu.