Tiba ya Tabibu na Tiba ya Siri Katika Buhaya

Katika nchi ya Buhaya, tangu Kiziba upande wa kaskazini hata Ihangiro ambayo leo ni wilaya ya Muleba, kukosa dhuria hakukuwa jambo dogo kwa mwanamume, kwani kibanja cha migomba walimozikwa babu zake huhitaji mrithi wa kukishika. Kwa sababu hiyo aliyeona nguvu zake zimepungua alikwenda kwa mfumu, yaani mganga wa kienyeji, na hospitali zilipokuja akaenda huko pia, aghalabu bila ya kumwarifu mmoja habari za mwenzake.

Sindano ilipoingia pande hizi iliingia na ibra yake. Mwaka 1906 Robert Koch, tabibu mashuhuri wa Kijerumani, alikwenda visiwa vya Sese, ng'ambo ya mpaka upande wa Uganda, kutafuta dawa ya malale, akawadunga wagonjwa atoxyl, dawa yenye aseniki ndani yake; na ilipoonekana kwamba kiasi kidogo hakiwaponyi, kiasi kikaongezwa, wagonjwa 22 wakapofuka. Mwaka uliofuata Wajerumani wakafungua kambi ya malale Kigarama, katika milki ya Mutahangarwa, Mukama (yaani mfalme) wa Kiziba. Ikiwa tabibu mwenye hadubini na daftari aliweza kudhuru kwa kuzidisha kipimo, sembuse mtu ajidungaye mwenyewe chumbani, asiye na mizani wala shahidi?

Wakati wa Waingereza kaswende na kisonono viliharibu uzazi wa watu, hata maofisa, wamisionari na wakama wakaingiwa na hofu kwamba Wahaya watapungua. Baada ya Vita Kuu ya Pili ikafika penisilini, na sindano ikapata heshima ambayo haijaipoteza mpaka leo.

Huko Ulaya nako wanaume walikuwa wakitafuta kurudishiwa nguvu zao. Mwaka 1889 Brown-Séquard, mwanachuoni wa Paris aliyekuwa na umri wa miaka 72, alijidunga maji yaliyotolewa katika kende za wanyama, akadai kwamba ujana umemrudia. Lakini ilipasa kungoja mpaka 1935 ndipo Ernst Laqueur na wenzake wa Amsterdam walipoipata testosteroni yenyewe, yaani homoni ya kiume, na mwaka huo huo Butenandt na Ruzicka wakaweza kuitengeneza. Dawa hiyo hupewa mwanamume ambaye mwili wake hauitoi ya kutosha, baada ya damu yake kupimwa asubuhi, tena zaidi ya mara moja, na kipimo cha damu hurudiwa tiba ikiendelea.

Haja ya dawa hii ilionekana pia katika maradhi mengine. Mwaka 1983 katika hospitali ya Ndolage, wilayani Muleba, walitambuliwa wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania, na maradhi yaliyokondesha watu yakaitwa Juliana. Baadaye matabibu wa Marekani waliwapa testosteroni baadhi ya wanaume waliokondeshwa na maradhi hayo, ili nyama irudi mwilini. Na hili nalitaja ili isidhaniwe kuwa dawa hii ni haramu au upuuzi, maana kwa mwenye haja nayo ni rehema.

Madhara huzidi pale ambapo mtu aliyeandikiwa sindano na daktari huongeza kwa siri steroidi za kutunisha misuli, alizonunua bila ya cheti. Ubongo ukiona homoni imejaa katika damu huacha kuziamrisha kende, nazo husinyaa na mbegu hupungua hata pengine zikatoweka. Chembe nyekundu huzidi, damu ikawa nzito, moyo na ini vikataabika. Naye daktari asomapo kipimo hajui ni ipi dawa yake na ni ipi ya dukani, hivyo hukumu yake yote hujengwa juu ya uongo asioujua. Kwa Mhaya msiba ni mkubwa zaidi, kwa kuwa dawa aliyoitafuta kwa ajili ya urijali inaweza kumnyima mrithi wa kibanja, na mbegu zikirudi baada ya kuacha, huenda ikachukua miezi mingi.

Basi ewe msomaji utumiaye dawa hizi, uwe Bukoba au Muleba, mtajie daktari wako kila sindano, kila kidonge na kila mzizi, pamoja na kiasi chake; na ikiwa wataka mtoto, mwambie hilo kabla ya sindano ya kwanza.