Marudi ya Mungu katika Maisha ya Mtakatifu Inyasi



Lugha yetu ina neno moja lenye maana mbili. Msafiri hurudi nyumbani. Na mzazi humrudi mwanawe, yaani humwonya na kumnyosha. Ndilo neno tunalokutana nalo katika Waraka kwa Waebrania, sura ya 12, na mara nyingi tunalichukua vibaya. Jirani akiugua, twaenda kumtazama, na kabla hatujaketi tumekwisha kumwambia kwamba Mungu anamwadhibu. Ni nani aliyetutuma kusema hivyo?

Tutazame maisha ya Inyasi wa Loyola. Tarehe 20 Mei 1521, akiwa askari wa miaka 30 hivi, alivunjwa mguu na risasi ya mzinga wa Wafaransa katika ngome ya Pamplona, huko Hispania. Mguu uliungwa vibaya, ukavunjwa tena. Kisha mfupa ukabaki umetokeza, naye akaagiza ukatwe kwa msumeno. Wala hakuvumilia hayo kwa ajili ya Mungu. Alitaka kuvaa viatu virefu vya kiungwana! Kitandani aliomba vitabu vya mashujaa, havikupatikana. Akapewa maisha ya Kristo na ya watakatifu. Ndipo alipoanza kugeuka.

Tungependa habari iishie hapo, lakini shule ilikuwa ndiyo kwanza inafunguliwa. Mwaka 1522 alifika Manresa, akakaa karibu mwaka mzima. Aliacha nywele na kucha zikue ovyo, akasali muda wa saa 7 kila siku, akaungama dhambi zile zile tena na tena bila kupata amani, hata akashawishika kujiua. Akafunga juma zima bila kutia kitu kinywani, ili Mungu amwondolee wasiwasi ule. Padre muungamishi wake akamwamuru ale, naye akatii. Baadaye alitambua kwamba roho iliyomsukuma kuungama yaliyokwisha kusamehewa haikuwa ya Mungu. Akaacha, akakata nywele na kucha. Uzeeni alisimulia kwamba siku zile Mungu alimtendea kama mwalimu amtendeavyo mtoto wa shule.

Wanaozuru wagonjwa na wafikiri hapo. Mzinga ulipigwa na Wafaransa; mateso ya Manresa kwa sehemu kubwa alijitwisha mwenyewe; na Mwalimu ndiye aliyemtoa humo.

Marudi yenyewe yalikuja kwa upole zaidi, nayo yalimuuma. Mwaka 1523 alifika Yerusalemu, akiwa ameazimia kukaa huko hata kufa. Mkuu wa Wafransisko waliotunza mahali patakatifu alimkatalia, akimweleza kwamba alikuwa na mamlaka ya kumtenga na Kanisa kama asingetii. Inyasi akarudi Ulaya. Huko Barcelona, mtu mzima mwenye ndevu, aliketi pamoja na watoto kujifunza sarufi ya Kilatini. (Nanyi makatekista mlioanza kozi mkiwa na wajukuu, mtamwelewa upesi.)

Masomo hayo yalimfikisha Paris mwaka 1528, ambako alikuja kukaa chumba kimoja na kijana aitwaye Fransisko Ksaveri. Na mwaka 1542 Ksaveri huyo alikuwa njiani kwenda India, na chombo chake kikatia nanga Malindi, katika pwani yetu.